Kichina Kuanzia Nyamisati

Kaa anayetolewa shimoni asubuhi kwenye mikoko ya Simba Uranga, katika delta ya Rufiji, anaweza kuwa bado hai siku chache baadaye, ndani ya beseni la mkahawa nchini China. Hufungwa magando kwa kamba, hupangwa kwenye matenga, huletwa kwa boti hadi gati la Nyamisati upande wa bara, hupakiwa garini kwenda Dar es Salaam, kisha hupanda ndege. Njia nzima mzigo huo hushikwa na watu wanaosikilizana kwa Kiswahili, mpaka unapofika kwa mnunuzi anayehesabu kwa Kichina. Hapo ndipo simu hutolewa mfukoni na kikokotoo kufunguliwa: huyu anabonyeza bei, yule anatikisa kichwa, anafuta, anabonyeza yake. Biashara inakwenda. Lakini mchuuzi haelewi mnunuzi amemnong'oneza nini mwenzake kabla ya kufuta ile namba, na pengine faida ya wiki nzima ilikuwa ndani ya mnong'ono huo.

Ndiyo maana Kichina kinatafutwa siku hizi hata mbali na miji mikubwa. Wapo wanaokitaka kwa ajili ya kaa na kambamiti, wapo wanaotaka kufuata mzigo wa duka hadi Guangzhou bila kumlipa mkalimani, wapo wanaolenga kazi kwa wakandarasi wa barabara, na wapo wanafunzi wenye jicho kwenye ufadhili wa vyuo vya China. Mwaka 2013 zilifunguliwa Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na lugha hiyo imeshaingia katika baadhi ya shule za sekondari. Anayeishi Mbwera au Msala, ndani ya delta, hana darasa la jirani. Ana simu, bando, na mtandao unaokuja na kupotea. Ushauri huu umemlenga zaidi yeye.

Kichina kina sifa ya kutisha, na sifa hiyo ina takwimu zake. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake, hukadiria saa 2,200 za darasani ili mwanafunzi akimudu Kichina. Kiswahili hukadiriwa saa 900 hivi. Namba hizo zimewakatisha tamaa wengi, ingawa zinamhusu mtu aliyekua akizungumza Kiingereza. Vitabu vingi na programu nyingi za simu vimetungwa kwa ajili ya mtu huyohuyo. Kijana wa Kibiti akivishika anarithi hofu zisizo zake, huku mitego yake mwenyewe haonyeshwi. Mambo mengi ambayo kitabu huyaeleza kwa kurasa kumi, Kiswahili kilikwishamfundisha akiwa mtoto. Na pale kitabu kinapopita kimya kimya ndipo Mswahili hujikwaa.

Tuanze na toni, kwa sababu hapo hakuna njia ya mkato. Kichina sanifu kina toni nne: ya juu iliyonyooka, inayopanda, inayozama chini, na inayoanguka ghafla. Juu ya hizo ipo silabi nyepesi isiyo na toni yake. Vitabu hupenda mfano wa "ma", ambayo kwa toni moja ni mama na kwa nyingine ni farasi. Ni mfano mzuri kwa mtihani na hafifu kwa soko. Mifano yenye pesa ndani yake ni mingine: mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Xiè ni kaa, xié ni kiatu. Yú ni samaki, yǔ ni mvua. Tāng ni supu, táng ni sukari. Mchina mwenye subira atakisia kinachokusudiwa, maana hakuna anayeshusha viatu kwenye gati la Nyamisati kwa matenga yanayotikisika. Makosa yakifika matatu katika sentensi moja, kikokotoo hurudi mezani.

Vitabu husema mgeni hasikii toni. Kwa Mswahili tatizo si hilo hasa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuiacha ya mwisho ishuke, na mkazo huo anayezungumza huubeba bila kujua hadi kwenye lugha nyingine. Maneno mengi ya Kichina cha leo ni ya silabi mbili, kwa hiyo kinywani mwake yote hupata mahadhi mamoja: juu, chini, juu, chini. Zhōngguó, yaani China yenyewe, ambayo silabi yake ya pili inatakiwa kupanda, inatoka ikishuka. Anayesikiliza humwona kama mtu anayesema neno moja muda wote.

Dawa yake ni kuacha kujifunza toni za silabi mojamoja. Toni nne zikipangwa mbilimbili huzaa mahadhi 16, na ukiongeza yale yanayoishia kwa silabi nyepesi yanakuwa 20. Mwanafunzi achague neno moja analolihitaji kwa kila mahadhi, alikariri kikamilifu, kisha kila neno jipya alilinganishe na mojawapo ya hayo. Delta yenyewe inampa mengi: lóngxiā ni kambakochi, pángxiè ni kaa, yāoguǒ ni korosho, zhīma ni ufuta. Manne hayo yana mahadhi manne tofauti, na kila moja lina mnunuzi. Akikutana na neno geni lenye toni ya pili kisha ya nne, ajiambie "linaimbwa kama pángxiè", basi. Kisha ajirekodi kwa simu na kusikiliza sauti yake baada ya ile ya mwalimu, papo hapo, maana sikio la mtu humdanganya wakati mdomo wake unafanya kazi.

Wapo wenye mtaji wa ziada bila kujua. Kimatumbi, kinachozungumzwa upande wa kusini kuelekea Kilwa, ni lugha yenye toni; mwanaisimu David Odden aliandika kitabu kizima juu ya matamshi na maumbo yake mwaka 1996. Kisukuma nacho kina toni, na familia nyingi za wafugaji wa Kisukuma zimehamia bonde la Rufiji. Toni za lugha hizi hazifanani na za Kichina, ila aliyelelewa na bibi anayezungumza mojawapo amezoea tangu utotoni kwamba sauti ikipanda au kushuka maana hubadilika. Asiione lugha ya nyumbani kuwa mzigo.

Jambo la pili wengi hawaonywi kabisa: pinyin si Kiswahili. Pinyin ni utaratibu wa kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi uliopitishwa China mwaka 1958, na kwa macho ya Mswahili unadanganya kwa sababu unaonekana kusomeka. Anaona b, d na g, anatamka vile alivyozoea. Kumbe Kichina hakitofautishi b na p kwa mtetemo wa koo kama sisi. Kinatofautisha kwa pumzi. Dùzi ni tumbo, tùzi ni sungura. Ulimi uko mahali palepale, tofauti ni upepo unaotoka mdomoni. Walimu humwambia mwanafunzi ashike karatasi mbele ya midomo aone kama inapepea, na mbinu hiyo inafaa.

Mwambao una mbinu iliyo bora kuliko karatasi. Kwenye Kiswahili cha zamani cha pwani, na hadi leo kwa wazungumzaji wa Mombasa na Lamu, kaa la moto na kaa wa baharini hayatamkwi sawa. La moto halina pumzi. Wa baharini ana pumzi baada ya k. Ndivyo ilivyo pia kwa paa la nyumba na paa wa porini, na kwa tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Bara tofauti hiyo imepotea, lakini mtu akiisikia mara moja kwa mzee anayeitamka, amepata nusu ya konsonanti za Kichina bure. G ya pinyin ni k ya kaa la moto. K ya pinyin ni ile ya kaa wa kwenye tenga. B ni p ya paa la nyumba. P ni ya mnyama. D ni t ya tembo la kunywa. T ni ya mnyama mkubwa. Hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachomwambia hivyo.

Herufi nyingine ziende haraka. X ni sh inayotamkwa kwa midomo iliyotanuka kama ya mtu anayetabasamu. Q ni ch ya namna hiyohiyo, yenye pumzi. C ni ts yenye pumzi, kwa hiyo cài, mboga au chakula cha mezani, haihusiani na chai hata kidogo. Na ile u ya yú hupatikana kwa kusema "i" huku midomo imefumbatwa kama ya anayepiga mluzi.

Mwisho wa silabi ndipo penye ugomvi mkubwa zaidi. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, na kila mgeni anayeingia hupewa irabu yake: benki, basi, kilabu. Kwa hiyo hěn huwa "heni", mén huwa "meni", na Bwana Wang wa kampuni ya ujenzi huitwa "Wangu" na kijiji kizima, naye huitika. Kibaya zaidi, Kichina kina n ya mwisho na ng ya mwisho, na zote mbili zinahesabika. Chuán ni chombo cha majini. Chuáng ni kitanda. Toni ni ileile. Mtu wa delta anayetaka kukodisha chombo chake ana kila sababu ya kulishughulikia jambo hili mapema. Kwa n, ncha ya ulimi igote nyuma ya meno ya juu na ibaki hapohapo. Kwa ng, mdomo ubaki wazi na sauti ipande puani kama kwenye ng'ombe, kisha ikatwe kabla irabu haijachungulia.

Baada ya machungu hayo, sarufi ni mapumziko, na hapa ndipo Mswahili anapomwacha Mwingereza mbali.

Kichina hakina "yeye" wa kike na wa kiume katika kusema. Tā ni tā, kama sisi. Kichina hujibu swali la kukanusha kama tunavyojibu: mtu akiulizwa "Hujala?" naye hajala, atasema ndiyo, sijala, na Mchina atasema vilevile, duì, méi chī. Ile silabi "le", inayowatesa wanafunzi wa Ulaya kwa miaka, inakaribiana sana na -me- yetu: wǒ chī le, nimekula. "Guo" ni "kuwahi": wǒ chīguo pángxiè, nimewahi kula kaa. Hata kukanusha kunajipanga vizuri, kwani bù chī ni sili na hái méi chī ni sijala bado. Tahadhari ni moja: asiichukulie "le" kuwa -li-. Nilikuwa Kibiti jana ni zuótiān wǒ zài Kibiti, bila "le" yoyote, kwa kuwa neno jana limeshamaliza kazi.

Kuna pia maneno ya kuhesabia, ambayo vitabu huyatangaza kama balaa. Mchina hasemi "samaki mmoja" moja kwa moja. Kati ya namba na jina huweka neno linalotaja aina ya kitu. Vitu virefu vilivyopinda kama samaki, mto, kamba na barabara huchukua tiáo: yì tiáo yú. Kaa na ndege huchukua zhī: yì zhī pángxiè. Karatasi na meza huchukua zhāng. Mtu aliyekua akisema samaki huyu, mto huu, karatasi hii hawezi kushangaa kwamba vitu vina makundi. Akikwama atumie gè, linaloeleweka karibu kila mahali.

Kinachomwangusha ni mpangilio. Sisi hutanguliza kitu, kisha tukakieleza: kaa wawili wakubwa, yule mtu aliyeuza kaa jana. Mchina hueleza kwanza, kitu kinakuja mwisho: liǎng zhī dà pángxiè, "wawili wakubwa kaa", zuótiān mài pángxiè de nà ge rén, "jana uza kaa yule mtu". Mahali na wakati navyo hutangulia kitenzi. "Nitanunua kaa Kibiti kesho" inakuwa wǒ míngtiān zài Kibiti mǎi pángxiè: mimi, kesho, Kibiti, nunua, kaa. Mwanafunzi anayeanza sentensi kwa kitenzi kama alivyozoea atajikuta ameishiwa nafasi. Ajizoeze kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua mdomo: nani, lini, wapi. Kitenzi kingoje.

Sasa pesa. Anayekwenda sokoni kabla hajajua lolote jingine ajue namba, na asidhani kwamba kuhesabu moja hadi kumi kunatosha. Kichina hukusanya namba kwa elfu kumikumi, na kumi elfu huitwa wàn. Laki moja ni shí wàn, kumi za wàn. Milioni ni yìbǎi wàn, mia moja za wàn. Anayejaribu kutafsiri kutoka elfu hupotea katikati ya bei. Njia nyepesi iko mfukoni: noti ya shilingi 10,000, ile nyekundu ambayo mtaani huitwa msimbazi, ni wàn moja kamili. Bei ya 250,000 ni misimbazi 25, basi ni èrshíwǔ wàn. Ahesabu misimbazi, asihesabu elfu.

Kipimo kina mtego wake, na huu unaweza kula fedha halisi. Sokoni China bidhaa hutajwa kwa jīn, ambayo ni nusu kilo. Kilo ni gōngjīn. Wanaozungumza haraka huweza kusema jīn tu, na bei ya 20,000 kwa kilo ikawa imekubaliwa kama 20,000 kwa jīn, au kinyume chake. Mchuuzi aitamke gōngjīn yeye mwenyewe, mwanzoni kabisa, na mezani paandikwe "kg".

Saa nayo. Kichina huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa moja asubuhi ya Nyamisati ni qī diǎn, saa saba kwao. Anayetafsiri neno kwa neno atamwambia mnunuzi yì diǎn, naye atafika maji yameshatoka na boti imekaa kwenye tope. Aongeze sita, au atazame upande wa pili wa duara la saa. Kwa anayepiga simu China, kuna tofauti ya saa tano pia: ikiwa ni saa tatu asubuhi Kibiti, Guangzhou ni saa nane mchana, liǎng diǎn. Na hiyo liǎng aiangalie. Mbili ya kuhesabia vitu na saa ni liǎng; mbili ya kutaja namba tupu ni èr.

Vidole pia husema Kichina. Wachina huonyesha sita hadi kumi kwa mkono mmoja: dole gumba na kidole cha mwisho ni sita, dole gumba na kidole cha shahada ni nane. Mtu asiyejua anayeonyeshwa nane ataona mbili. Kuna pia tatizo la masikio, hasa na Wachina wa kusini ambao wengi hawatofautishi sh na s, hivyo shí, kumi, na sì, nne, hutoka karibu sawa. Kinachobaki kuzitenganisha ni toni: kumi inapanda, nne inaanguka. Shísì ni 14, sìshí ni 40. Kwenye namba toni si mapambo tena.

Maandishi ndiyo huwatisha watu kabla hata hawajaanza. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kundi lake la kwanza, la matumizi ya kila siku, lina 3,500. Hakuna anayezihitaji zote ili auze kaa. Anachohitaji kujua ni kwamba nyingi zimejengwa kwa vipande viwili, kimoja kikidokeza maana na kingine sauti. Kamba wa baharini huandikwa 虾, xiā. Upande wa kushoto pana 虫, kipande cha wadudu na viumbe vidogo. Upande wa kulia pana 下, inayosomwa xià. Maana kushoto, sauti kulia. Kaa, 蟹, naye ana 虫 chini yake. Matone matatu ya 氵 hukaa kwenye mto 河, bahari 海 na maji yanayokupwa na kujaa, 潮. Mti ni 木. Miti miwili, 林, ni msitu. Mikoko kwa Kichina ni 红树林, msitu wa miti myekundu, jina lisilohitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kubandua gome la mkoko na kuona rangi iliyo ndani. Magome hayohayo yalisafirishwa kutoka Rufiji tangu enzi za Wajerumani kwa ajili ya kusindikia ngozi.

Kuandika kwa mkono kuna faida yake ya kukumbusha, lakini mtu mzima mwenye kazi zake asijiadhibu. Leo Wachina wengi huandika kwa simu: wanabonyeza pinyin, simu inaleta herufi, wanachagua. Anayeweza kuitambua herufi akiiona ameshavuka mto kwa mahitaji ya biashara. Aandike kwa mkono hamsini au mia za mwanzo ili ajue mistari inavyofuatana, zilizobaki azisome tu.

Kuhusu vifaa, kuna ukweli usiopendeza: vyanzo vingi vya kujifunzia vinapita kwenye Kiingereza. Kamusi ya simu iitwayo Pleco, inayofanya kazi bila intaneti na hivyo kufaa sana vijijini, hutafsiri kwa Kiingereza. Mwanafunzi ambaye Kiingereza chake kinachechemea hujikuta anajifunza lugha mbili kwa wakati mmoja. Anunue daftari. Kila neno aliandike kwa pinyin yenye alama za toni, pembeni maana ya Kiswahili, na chini yake sentensi moja ya shughuli zake mwenyewe. Daftari halihitaji bando, na neno lililoandikwa pamoja na Nyamisati na bei yake halisahauliki kirahisi.

Wengi hupenda tamthilia. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ilifundisha mengi juu ya maisha ya nyumba za Beijing, lakini kwa sikio la mwanafunzi haikufundisha chochote, kwa sababu waliosikika walikuwa Waswahili. Atafute zenye sauti ya asili, na arudie dakika mbili mara kumi kuliko kutazama saa mbili mara moja.

Mazungumzo na watu hayana mbadala, na hapa upo mtego wa ukarimu. Wachina walio kwenye kambi za ujenzi au maduka mara nyingi hujua Kiswahili cha kazi, kile cha "mimi taka" na "leo hapana", nasi tunakishusha cha kwetu ili tuwafikie. Pande zote mbili zinafurahi na hakuna anayejifunza. Mwanafunzi apatane nao: nusu saa Kichina kitupu, nusu saa Kiswahili sanifu, na kila mmoja akubali kusahihishwa. Mbali zaidi wapo vijana wanaosomea Kiswahili vyuoni Beijing, ambako lugha yetu imefundishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili Septemba 1961. Hao wanahangaika na ngeli kama sisi tunavyohangaika na toni, na wengi wangefurahi kupata mtu wa kubadilishana naye ujumbe wa sauti. WhatsApp imezuiwa China, kwa hiyo WeChat ni lazima.

Katika kuitana Mswahili hapati shida. Mchina naye humwita asiye ndugu kaka, dada, baba mdogo au mama mdogo kulingana na umri: gē, jiě, shūshu, āyí. Fundi huitwa shīfu, kwa heshima ileile tunayompa fundi. Mwenye duka ni lǎobǎn. Mzee asiambiwe nǐ hǎo. Aambiwe nín hǎo. Na mnunuzi akisema kǎolǜ yíxià, ngoja nifikirie kidogo, aliyezoea kuambiwa "tutaangalia" anajua pa kuliweka jibu hilo.

Anayetaka kusoma China ana hesabu tofauti. Mtihani wa Kichina uitwao HSK ndio unaopima, na shahada zinazofundishwa kwa Kichina mara nyingi hudai ngazi ya 4, ambayo kwa mfumo wa ngazi 6 ni maneno 1,200. Viwango vipya vilivyotangazwa mwaka 2021 vina ngazi 9, na kwa tangazo hilo ngazi ya kwanza peke yake ilitaka maneno 500, kwa hiyo aangalie kwanza chuo chake kinafuata utaratibu upi kabla ya kununua kitabu. Lugha kabla ya taaluma si jambo jipya: mwaka 1972, reli ya TAZARA ikijengwa, vijana takriban 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, nao walianza na Kichina. Aliye kidato cha nne leo akipanga maneno matano kwa siku, na siku ya sita akarudia tu bila kuongeza, atakuwa ameyapita yale 1,200 ndani ya mwaka mmoja.

Mchuuzi wa kaa hahitaji HSK. Kwake yapo maneno 200 ya lazima: namba, vipimo, ukubwa, hai na mfu, leo na kesho, tài guì le kwa bei ya juu mno, piányi yìdiǎn kwa kuomba punguzo. Atumie siku za maji mafu kukariri na siku za bamvua kujaribu. Kikokotoo akiache mfukoni mpaka bei itajwe kwa mdomo kwanza, halafu akitoe kuhakiki.